Pikapu ndogo zimetokomea wapi?

Hebu simama kando ya barabara yoyote kuu ya Nairobi, Mombasa au Nakuru, msomaji, uhesabu pikapu zinazopita kwa muda wa nusu saa. Nyingi utakazoziona ni za milango minne, ndefu na pana, zimeinua pua kama fahali aliyemwona mwenzake. Kisha chungulia kule nyuma mahali pa mzigo. Mara nyingi hamna kitu, na penye kifuniko, kifuniko chenyewe hakionyeshi dalili ya kufunguliwa tangu wiki iliyopita.

Sasa nenda kawaulize wazazi wako, au babu yako ikiwa ungali naye, pikapu ilikuwa nini enzi zao. Watakutajia Datsun 1200. Watakutajia Peugeot 404 na 504, na Toyota Hilux zile za mwanzo. Wala hawatakusimulia urembo wake. Watakuambia zilibeba nini: maziwa alfajiri, mbao adhuhuri, makochi ya bi harusi Jumamosi, na siku ya huzuni, jeneza la jirani.

Baina ya pikapu zile na hizi za leo kuna jambo lililopotea, nalo si tamaa ya mambo ya kale tu. Linagusa mfuko wa kila familia inayojikimu kwa duka, shamba au kibanda cha sokoni.

Punda wa nusu tani

Datsun 1200, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Nissan, ilianza kuundwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Injini yake ilikuwa ya cc 1,171. Urefu wake ulikuwa takriban mita 4, na bila mzigo haikufika kilo 800. Hata hivyo iliundwa ibebe nusu tani.

Wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, chukua kalamu. Gunia la mahindi lina kilo 90, kwa hivyo magunia matano ni kilo 450. Ongeza debe mbili za maharagwe na nusu tani imekaribia kutimia. Hilo ni gari linalobeba mzigo unaozidi nusu ya uzani wake lenyewe, huku likinywa mafuta ya kijigari cha kwendea kazini!

Ukiinua boneti, injini yote ilikuwa mbele ya macho yako. Fundi wa jua kali mwenye spana chache na bisibisi aliweza kuifungua chini ya mti na kuirudisha barabarani kabla jua halijatua. Na kwa kuwa gari lenyewe lilikuwa fupi, watu wawili walipakia gunia bila kulinyanyua hadi kifuani.

Peugeot 504 ilikuwa kaka mkubwa, hodari wa kubeba tani moja na ushei. Wakenya walikuwa wameliamini jina hilo zamani, maana Peugeot 404 ilikuwa imeshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Nayo 504 ikashinda 1975 na 1978. Gari linaloshinda tope la Safari, watu waliona, halitashindwa na tope la kwenda sokoni.

Huko mashambani pikapu hizo zilijengewa bodi ya bati na kutiwa mabenchi mawili yaliyotazamana. Hapo zikawa matatu, zile walizozibandika jina la "face-me" kwa sababu abiria walisafiri magoti kwa magoti, macho kwa macho. Kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilitaka kila abiria awe na kiti na mkanda wake. Mabenchi yale yakawa hayana tena nafasi kisheria.

Pua imekua, mgongo umepungua

Hilux ya kwanza, iliyotoka mwaka 1968, ilikuwa na urefu wa kama mita 4.2. Hilux ya milango minne ya siku hizi ina urefu wa kama mita 5.3. Gari limeongezeka mita nzima. Je, mita hiyo imekwenda wapi?

Haikwenda kwenye mzigo. Imekwenda kwenye viti vya nyuma, kwenye boneti na kwenye starehe. Sehemu ya mzigo ya pikapu ya milango minne, hii tunayoiita dabo kebini, aghalabu ina urefu wa kama mita moja u nusu. Ya milango miwili huzidi mita 2. Jaribu kupakia mabati ya mita 3 kwenye dabo kebini uone yatakavyoning'inia nje, yametundikwa kitambaa chekundu kama bendera ya hatari. Hata jeneza la mtu mzima haliingii humo ila mlango wa nyuma uachwe wazi.

Haki itendeke: pikapu hizi kubwa zina nguvu. Nyingi hubeba tani moja au karibu na hapo, hukokota trela na kupanda mlima wa matope bila kulalamika. Lakini nyingi zenyewe zina uzani wa tani 2 na zaidi. Kumbuka kwamba chuma hicho chote unakinunulia mafuta kila siku, uwe umebeba mzigo au umebeba gazeti.

Kisa cha kuku

Huenda ukauliza: nani aliamua pikapu ziwe kubwa? Sehemu ya jibu itakuchekesha, kwa maana inaanza na kuku.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi za Ulaya zilipandisha ushuru wa kuku kutoka Marekani. Marekani ikakasirika, na kuanzia mwaka 1964 ikatoza ushuru wa asilimia 25 kwa malori mepesi kutoka nje, pikapu zikiwemo. Ugomvi wa kuku ulisahaulika lakini ushuru ukabaki. Pikapu ndogo za kutoka ng'ambo zikawa na mzigo huo shingoni, na viwanda vya Marekani vikapata kivuli cha kukuza pikapu zao kubwa.

Kisha ikaja sheria ya kupunguza matumizi ya mafuta. Kuanzia magari ya mwaka 2011, kiwango ambacho gari la Marekani linapaswa kutimiza kilianza kupimwa kwa ukubwa wa eneo lililo baina ya magurudumu yake. Eneo likiwa kubwa, sharti hulegezwa. Likiwa dogo, sharti hukazwa. Sheria iliyokusudiwa kuokoa petroli ikawa inamwonea huruma mwenye gari kubwa! Mwaka huohuo wa 2011 Ford ilikomesha Ranger ndogo iliyokuwa ikiundwa Marekani. Jina la Ranger liliporudi huko mwaka 2019 lilikuwa kwenye gari kubwa zaidi, la ukoo uleule tunaouona kwenye barabara zetu. Hata Maverick, ambayo Ford iliitoa mwaka 2021 na kuiita pikapu ndogo, ina urefu wa zaidi ya mita 5.

Tusiitwike Marekani lawama zote, lakini. Hilux iliacha kuuzwa huko tangu miaka ya 1990, na bado imezidi kurefuka. Wanunuzi wa kwingineko, sisi tukiwemo, tumetaka gari moja lipeleke watoto shule, liende harusini, lifike kijijini Krismasi na lipigiwe saluti langoni. Tazama msafara wowote wa mwanasiasa. Pikapu imeacha kuwa punda, imekuwa kiti cha enzi.

Pengo la sokoni

Wakati huohuo ndogo zilikuwa zikifa moja baada ya nyingine. Japani iliacha kuuza pikapu ya ukoo wa Datsun 1200 mwaka 1994. Afrika Kusini iliendelea kuiunda kwa jina la Nissan 1400 hadi 2008. Mrithi wake, NP200, aliyehesabiwa katika daraja la nusu tani vilevile, akakomeshwa mwaka 2024. Nasi hapa Kenya haturuhusu gari lililotumika ng'ambo kuingizwa likiwa na umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hivyo Datsun uionayo leo ikitweta kupanda mlima ni miongoni mwa zilizosalia. Ikifa, haina wa kuizika wala wa kuirithi.

Fikiria sasa mama mwenye kibanda cha mboga. Amekwenda soko la Wakulima, au Kongowea, akanunua magunia manne ya kabeji na viazi. Bodaboda haitoshi. Lori la kukodi ni kubwa mno, na nauli yake inaila faida kabla kabeji ya kwanza haijakatwa. Nusu tani ndiyo saizi ya biashara ya mtu wa kawaida, nayo ndiyo saizi ambayo viwanda vimeipa kisogo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Wakenya hawakukaa mikono mitupu. Toyota Probox, iliyotoka mwaka 2002, imebebeshwa kazi ambayo zamani ingekuwa ya Datsun, ikijazwa miraa, mikate na magazeti hadi tumbo liguse barabara. Tuktuk za mizigo nazo zimeingia mitaani. Wapo pia wanaotumia vilori vidogo vya Kijapani, ambavyo sheria ya huko haiviruhusu kuzidi urefu wa mita 3.4 wala injini ya cc 660, na hubeba kilo 350. Hayo ni karibu magunia manne ya mahindi. Si haba.

Tuwe wakweli

Pikapu za kale hazikuwa malaika. Hazikuwa na mifuko ya hewa, na pua zao fupi hazikumkinga dereva sana katika mgongano. Watoto waliorushwa nyuma pamoja na mbuzi walisafiri kwa rehema za Mungu. Ukubwa wa leo umekuja pamoja na breki bora, mikanda na bodi zinazomlinda aliye ndani.

Lakini vipi aliye nje? Taasisi ya bima ya Marekani inayochunguza usalama barabarani, IIHS, ilitoa utafiti mwaka 2023. Ulionyesha kwamba gari lenye boneti inayozidi kimo cha kama mita moja lina uwezekano wa takriban asilimia 45 zaidi wa kumuua mtu linayemgonga, kuliko gari lenye boneti ya chini iliyoinama. Katika miji yetu, ambamo wengi huenda kazini na shuleni kwa miguu, hilo si jambo la kupuuza.

Kabla hujatia sahihi

Basi, msomaji, ikiwa familia yako inawaza kuchukua mkopo wa pikapu, jiulizeni maswali matatu. Mzigo wetu wa kila wiki una kilo ngapi? Mzigo mrefu kuliko yote una mita ngapi? Na siku ambazo hatubebi kitu, nani atalipia mafuta?

Kisha nendeni kwa muuzaji na utepe wa kupimia. Mwacheni asifu redio, viti vya ngozi na taa za mbele. Ninyi zungukeni nyuma, fungueni mlango wa mzigo, mpime. Mkikuta mita moja u nusu na kazi yenu yataka mbili, mwageni kwa heri mkaangalie ya milango miwili.