Nimesoma akili mnemba na mvi kichwani: haya ndiyo niliyoyaona



Kuna swali ambalo nimeulizwa barazani mara nyingi tangu Agosti, na leo nalijibu kwa maandishi ili nisilirudie kila usiku baada ya Isha: "Wewe una stashahada yako, una kazi na watoto, ulikwenda kutafuta nini chuo kikuu wiki sita?"

Jibu fupi ni kwamba nilikwenda kwa hofu. Mimi ni karani wa hati za mizigo. Napokea ankara ya mteja, natazama bidhaa ni zipi, zina thamani gani na zimetoka wapi, natafuta nambari ya ushuru inayozifaa, kisha naingiza yote kwenye tarakilishi. Mwanzo wa mwaka tuliambiwa ofisini kwamba inakuja programu itakayozisoma ankara yenyewe. Tulikuwa makarani saba, na hakuna aliyetuambia watabaki wangapi. Wiki hiyohiyo binti yangu, aliyemaliza kidato cha nne, akaniletea tangazo la kozi ya likizo ya akili mnemba na ujifunzaji wa mashine. Karo yake haikuwa kidogo. Nikamwambia, "Ngoja mamangu. Natangulia mimi, nione kama ni elimu au ni tangazo tu."

Wazungu huziita kozi za kiangazi kwa sababu kwao Juni na Julai ni miezi ya jua. Kwetu ilikuwa kusi, na mvua za mchoo zilinipata kwenye feri ya Likoni nimekikumbatia kipakatalishi ndani ya koti. Darasa zima lilikuwa la vijana. Waliniita "ami" tangu siku ya kwanza, na wallahi walinifunza bila ya kunicheka.

Mashine hujifunza vipi?

Programu tulizozizoea hufuata amri. Mtu huketi akaandika: likitokea hili, fanya lile. Kwenye ujifunzaji wa mashine haiandikwi kanuni. Mashine hupewa mifano mingi pamoja na majibu yake, halafu huachwa iitafute kanuni yenyewe. Kila inapokosea, hesabu zake hurekebishwa kidogo, kisha hujaribu tena, mara elfu kwa elfu.

Jambo hili si la jana. Kiangazi cha 1956, John McCarthy na wenzake walikutana katika chuo cha Dartmouth, Marekani, kuzungumzia akili mnemba kwa jina hilo. Mwaka 1959 Arthur Samuel wa kampuni ya IBM alichapisha kazi yake kuhusu tarakilishi iliyojifunza kucheza drafti, ikizidi ustadi kwa kucheza yenyewe kwa yenyewe. Na neno algoriti, ambalo utalisikia kila siku ukiingia darasa hilo, limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, ambaye kitabu chake ndicho kilichotupa neno aljebra. Kwa hiyo anayesema elimu hii haituhusu sisi Waislamu, mwambie asome historia kwanza.

Tulichosomeshwa

Wiki ya kwanza ilikuwa ya kuandika programu kwa lugha iitwayo Python. Ya pili ilikuwa ya hesabu, na hapo wengi waliingia baridi. Lakini hesabu zenyewe ni wastani, asilimia, na ule mstari wa y = mx + c tuliouchora sekondari tukiuliza utatufaa nini. Kumbe una kazi. Chukua samaki: andika uzani wa kila changu na bei aliyouzwa, weka alama kwenye grafu, halafu tafuta mstari unaopita karibu zaidi na alama zote. Kesho akija changu mwingine, mstari utakukisia bei yake. Huo nao ni ujifunzaji wa mashine, mdogo lakini wa kweli. Mitandao ya nyuroni tuliyofika wiki ya nne ni kubwa na tata zaidi, lakini kazi yake ni ileile: kukisia, kupima kosa, kurekebisha.

Somo lililonikaa zaidi ni la mtihani. Mifano yako huigawi yote kwa mashine. Unaificha sehemu, kwa mfano moja ya tano, na mashine haiioni mpaka mafunzo yamalizike. Sababu yake kila mzazi anaijua. Mtoto akikariri karatasi za KCSE za miaka iliyopita, hupata alama zote za mazoezi, na mtihani wenyewe ukibadilishwa swali huduwaa. Mashine nayo hukariri vivyo hivyo.

Maembe ya Kongowea

Kila kundi lilitakiwa kuwa na mradi. Sisi tulichagua maembe: upige picha, mashine ikwambie hili ni ngowe, hili boribo, hili epo. Tulikwenda Kongowea asubuhi tukanunua, tukapiga picha zaidi ya 400, tukaifunza mashine. Kwenye mtihani wetu wa ndani ilipata karibu kila picha. Tulipeana mikono kama waliofunga goli.

Tulipoirudisha sokoni ikaaibika. Kati ya maembe 20 ilikosa 11.

Tuliketi siku mbili kutafuta kosa. Mwisho msichana mmoja wa kundi letu ndiye aliyeliona. Ngowe zote tulikuwa tumezipiga picha juu ya beseni la buluu, na boribo juu ya gunia. Mashine haikujifunza embe hata chembe. Ilijifunza beseni. Na mtihani wetu haukuligundua hilo, kwa sababu picha tulizozificha nazo zilitoka kwenye beseni lilelile na gunia lilelile.

Tulirudi kwa mama aliyetuuzia, tukamweleza. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. "Mwanangu," akaniambia, "embe hulijui kwa lilipokaa. Ngowe litazame mdomo wake ulivyopinda." Alikaa nasi karibu saa nzima akituonyesha. Tulipiga picha upya: sakafuni, mkononi, kivulini, juani, kila aina pahala pengi. Safari hii kati ya 20 ilikosa matatu. Mwalimu wetu alitupa alama nzuri, lakini mimi najua mwalimu wa mashine ile alikuwa nani. Hakuwa na cheti, na tarakilishi hajaigusa.

Pale ndipo nilipoielewa elimu yote hii. Mashine haijui ila ulichoionyesha, na hukipokea pamoja na makosa yako usiyoyaona.

Si maembe peke yake

Nilipofika miaka 18 nilikwenda kuomba kitambulisho. Rafiki yangu wa kutoka bara, tuliyesoma dawati moja, alitoa cheti chake cha kuzaliwa na mambo yakaenda. Mimi niliulizwa hati za babu. Nilikwenda nikarudi miezi 14. Msomaji wa Pwani hahitaji nimfafanulie zaidi, maana hakosi kuwa na hadithi yake au ya nduguye.

Sasa chukua mafaili ya miaka hiyo, uipe mashine, uiambie ijifunze ni mwombaji gani anayehitaji kuchunguzwa zaidi. Haitajua siasa wala historia. Itaona tu kwamba majina kama langu yalitiliwa shaka, na itaendelea kuyatilia shaka, kwa kasi na bila ya kuona haya. Ukilalamika utaambiwa mfumo ndio uliosema. Beseni la buluu ndilo hilohilo, isipokuwa hapa anayeumia ni mtu.

Haya si mawazo ya barazani. Mwaka 2018 watafiti wawili, Joy Buolamwini na Timnit Gebru, walizipima programu za kampuni kubwa zinazotambua jinsia kwa kutazama uso. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7.

Kwa hiyo ujue haki yako. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 35, inasema una haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake, ingawa ina vighairi vyake. Ukinyimwa kitu na mfumo, uliza aliyeamua ni nani, na utake mtu aliangalie jambo lako.

Na lugha yetu je? Niliijaribu programu moja ya kutafsiri kwa Kimvita cha nyumbani. Nikaandika "ndoo hapa", kwa maana ya kumwita mtu. Ikanitafsiria ndoo ya maji. Siilaumu. Hakuna aliyeiwekea lugha ya bibi yangu. Mradi wa Common Voice wa Mozilla hupokea sauti za Kiswahili kutoka kwa yeyote anayejitolea kusoma sentensi. Tusipopeleka sauti zetu, wataiga za wengine na kutuambia hicho ndicho Kiswahili.

Ulipe karo au usilipe?

Kwa mzazi anayefikiria, nasema hivi. Uliza kwanza kama wanafunzi watafanya mradi kwa mikono yao au watatazama tu slaidi. Cheti cha wiki sita si digrii, na anayekuahidi kazi kwa hicho anakudanganya. Hesabu za kidato cha nne zinatosha kuanzia. Kipakatalishi cha bei si lazima, kwa kuwa kazi nyingi tulizifanya kwenye Google Colab, ambayo haina malipo ukiwa na intaneti. Na kama mfuko hauruhusu, Chuo Kikuu cha Helsinki kina kozi ya bure mtandaoni iitwayo Elements of AI tangu 2018. Haihitaji kuandika programu. Mwanzo mwema kwa mtoto, na kwa babake pia.

Programu ya ofisini ilifika Septemba. Kati ya makarani saba tumebaki wanne. Watatu waliokwenda hawakuwa wavivu kuliko mimi, na mmoja wao ndiye aliyenifunza kazi. Mimi nimebaki kwa sababu siku ya tatu niliwaonyesha wakubwa ankara ambayo mashine iliisoma uzani ikadhani ni bei, na nikaweza kuwaeleza kwa nini. Sasa kazi yangu ni kuipitia kazi yake. Sijui hilo litadumu miaka mingapi.

Binti yangu anaanza kozi yake Januari, in shaa Allah. Nimemkabidhi kipakatalishi, na nimempa sharti moja. Kabla ya kuifunza mashine jambo lolote, aende kwanza akamuulize anayelijua.

Wabillahi tawfiq.