Kadi ya Zamani Imetoka, Draiva Yake Ingali Ndani

Askari anapohamishwa kituo hupangiwa siku ya makabidhiano. Hurudisha bunduki ghalani, hukabidhi ufunguo wa nyumba, na jina lake hufutwa katika daftari la kituo. Kadi ya picha ya kompyuta haina makabidhiano ya namna hiyo. Mwenye nyumba hufungua kasha, huing'oa kadi ya zamani, huipachika mpya, akadhani kazi imekwisha. Kumbe programu iliyokuwa ikiihudumia kadi ile imebaki ndani ya diski pamoja na wasaidizi wake wote.

Programu hiyo mafundi huiita draiva. Kazi yake ni ukalimani: Windows ina lugha yake, kadi ina lugha yake, na draiva husimama katikati. Kadi za GeForce za kampuni ya NVIDIA zina draiva yao, za Radeon za AMD zina yao, na za Arc, ambazo Intel ilianza kuziuza mwaka 2022, zina yao. Mkalimani wa kampuni moja hana faida kwa kadi ya kampuni nyingine.

Achukuliwe koplo anayekaa kota na mkewe mwalimu. Kompyuta yao ni moja. Mama huandikia mitihani na alama za wanafunzi, watoto huichezea jioni, na picha za harusi pamoja na za marehemu babu zimo humo humo. GeForce yao imechoka, na mahali pake imenunuliwa Radeon. Kompyuta inawaka vizuri, lakini kila asubuhi linatokea tangazo la programu ya kampuni ya kwanza kwamba kadi haionekani, na mchezo mmoja unakataa kufunguka. Rafiki wa kijana wao anamshauri aingie ndani ya Windows afute kila faili lenye jina la NVIDIA. Ushauri huo ni mbaya kuliko ugonjwa wenyewe.

Ukweli ni kwamba draiva ya zamani, mara nyingi, haidhuru. Windows hutazama namba ya utambulisho ya kifaa kilichopo, kisha huamsha draiva inayolingana nacho. Ile isiyo na kifaa hulala. Wanaosumbua ni wale wasaidizi: programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta, na maandishi yaliyosalia katika daftari la ndani la Windows, ambayo huzielekeza baadhi ya programu za michezo na za picha kwenye mafaili ya kadi iliyokwisha ondoka. Hofu ya draiva mbili kukaa pamoja ina asili yake. Katika Windows Vista, iliyotolewa kwa umma mwaka 2007, kadi za kampuni mbili hazikuweza kufanya kazi pamoja kwa draiva za mtindo mpya wa wakati ule. Windows 7 ya mwaka 2009 iliondoa kizuizi hicho, lakini hofu imebaki vinywani mwa watu.

Kwa sababu hiyo, anayebadilisha GeForce kwa GeForce nyingine, au Radeon kwa Radeon, kwa kawaida hana haja ya kusafisha chochote. Huweka draiva mpya juu ya ile ya zamani, na kama hakuna kasoro, huiacha kompyuta yake kwa amani. Usafi una maana pale kampuni inapobadilika, au pale kasoro inapoonekana.

Kabla ya kugusa lolote, yapo mambo yanayostahili jioni nzima. La kwanza ni kunakili alama za wanafunzi, barua na picha katika diski ya nje au flashi, na kuifungua nakala hiyo kuhakikisha kwamba inasomeka. La pili ni neno la siri. Kazi ya kusafisha draiva huhitaji mara nyingine kompyuta iwashwe katika hali salama, yaani hali ambayo Windows huamka na watumishi wachache tu; na huko ile namba fupi iliyozoeleka kila siku huweza kukataliwa, likatakiwa neno la siri kamili la akaunti. Baba aliyelisahau hubaki mlangoni mwa nyumba yake mwenyewe.

La tatu ndilo zito kupita yote. Kompyuta nyingi za leo hufunga diski yake kwa maandishi ya siri, na toleo la Windows 11 la mwaka 2024, likiwekwa upya kwa akaunti ya Microsoft, hufanya hivyo lenyewe bila mwenyewe kuombwa. Kompyuta ya namna hiyo ikihisi mabadiliko, kama kuingizwa katika hali salama au, kwa baadhi yake, kubadilishiwa kadi, huweza kudai ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Kwa kawaida ufunguo huo huwa umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Asipoupata, picha za babu hazionekani tena, hata akija fundi hodari namna gani. Basi yafaa uandikwe kwenye karatasi, uwekwe pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Baada ya hayo, kazi yenyewe si ndefu. Draiva ya kadi mpya huchukuliwa mapema kutoka kwa kampuni iliyoitengeneza, si kwa mpita njia. Ni mamia ya megabaiti au zaidi, na anayenunua bando kwa kipimo na ajiandae. Kisha mtandao hukatwa, kwani Windows ikipata nafasi huleta draiva kwa hiari yake wakati kazi haijakwisha. Kadi ya zamani ikiwa bado mahali pake, hufunguliwa orodha ya programu katika mipangilio ya Windows, na zile za kampuni ya zamani huondolewa moja moja kwa njia ya halali. Kwa nyumba nyingi hapo panatosha.

Pasipotosha, kuna Display Driver Uninstaller, programu ya bure iliyo maarufu kwa kazi hii. Hutumiwa katika hali salama, na ina amri ya kusafisha kisha kuizima kompyuta ili kadi ibadilishwe. AMD nayo ina chombo chake cha kuondoa draiva zake yenyewe. Watengenezaji wa Display Driver Uninstaller hawashauri kuitumia kila mara draiva mpya inapotoka. Ni dawa kali, na dawa kali hainywewi kama chai.

Kompyuta ikishazimika, waya wa umeme huchomolewa, mkono hugusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme wa mwilini, na kadi hubadilishwa. Waya wa skrini uchomekwe katika kadi mpya, si katika tundu la ubao mama. Kosa hilo dogo limewafanya wengi wadhani wameuziwa kadi mbovu. Ikiwashwa, maandishi yataonekana makubwa na picha hafifu. Hakuna ubaya: Windows inatumia draiva yake ya akiba. Huwekwa draiva mpya, kompyuta huzimwa na kuwashwa tena, ndipo mtandao hurudishwa.

Naye koplo, ambaye kadi ameshaibadilisha? Hahitaji kuirudisha ile ya zamani. Hufungua orodha ya vifaa vya kompyuta, huamuru vifaa vilivyofichika vionyeshwe, na GeForce yake ya zamani hutokea kwa alama iliyofifia kama picha iliyopigwa jua. Huiondoa hapo, kisha huziondoa zile programu zake katika mipangilio. Matoleo ya zamani ya draiva yaliyosalia ghalani mwa Windows, ambayo huweza kula gigabaiti moja na zaidi, huondolewa kwa chombo cha Windows chenyewe cha kusafisha diski. Ghala hilo halifutwi kwa mkono, faili moja moja, kama kijana alivyoshauriwa, kwa maana humo zimo pia draiva za sauti, za printa na za mtandao.

Tangazo la asubuhi likikoma na mchezo ukifunguka, GeForce huwekwa katika mfuko wake, juu ya kabati. Isiuzwe kabla ya mwezi kupita. Radeon ikija kuleta kasoro, hiyo ndiyo itakayowaonyesha kama ugonjwa ni wa kadi au ni wa kompyuta.