Skyrim Ipendeze, Lakini Itembee

The Elder Scrolls V: Skyrim ilitoka tarehe 11 Novemba 2011, na hadi leo kuna watu wanaoiongezea mapambo. Bethesda waliitengeneza iweze kuchezeka hata kwenye PlayStation 3 na Xbox 360, mashine zenye kumbukumbu ya megabaiti 512 tu. Ndiyo maana mji kama Whiterun umefungiwa nyuma ya lango: ukigusa mlango, gemu inasimama kidogo, dunia ya nje inaondolewa na ya ndani inapakiwa. Ndiyo maana pia ukiusogelea mwamba unakuta picha hafifu iliyotanuliwa kupita uwezo wake. Mashabiki hawakuridhika. Wakatengeneza modi, yaani vifurushi vya nyongeza vinavyobadilisha sura au mwenendo wa gemu, na leo mwenye kadi nzuri ya michoro anaweza kuipa gemu hiyo ya zamani sura ya iliyotoka juzi.

Anaweza pia kuifanya igandegande mpaka isichezeke. Hilo hutokea mara nyingi zaidi, na mara nyingi mwenyewe hulaumu kitu kisichohusika.

Tatizo la kwanza ni kipimo. Utasikia mtu akisema modi fulani imemlia fremu 10. Kutoka ngapi? Fremu 100 kwa sekunde maana yake kila picha inachorwa kwa milisekunde 10. Ukishuka hadi 90, kila picha inachukua milisekunde 11.1, kwa hiyo modi imegharimu milisekunde 1 na ushei. Lakini ukitoka 40 kwenda 30, umetoka milisekunde 25 hadi 33.3, na gharama imezidi milisekunde 8. Zote ni "fremu 10", ilhali moja ni nzito zaidi ya mara saba kuliko nyingine. Anayepima modi ahesabu milisekunde.

Kwa Skyrim hesabu hiyo ni rahisi kwa sababu dari inajulikana. Mfumo wake wa fizikia, Havok, umefungamana na kasi ya fremu. Ukipita 60 bila marekebisho, vikombe na sahani huruka mezani unapoingia chumbani, na ule mkokoteni wa mwanzo wa gemu huweza kuanza kucheza sarakasi barabarani. Basi chukua 60 kuwa lengo, na bajeti yako ni milisekunde 16.7 kwa kila picha. Kila pambo linalipwa humo humo.

Wastani nao usikuhadae. Picha 59 zikichukua milisekunde 15 kila moja na ya 60 ikachukua 115, jumla ni sekunde moja kamili, na kipimo kitakuandikia fremu 60. Jicho lako, hata hivyo, limeona gemu ikishtuka. Programu kama MSI Afterburner huchora mstari wa muda wa kila fremu. Mstari ulionyooka kwenye fremu 45 unachezeka vizuri kuliko wenye miiba kwenye 60.

Sasa, mapambo hayatoki mfuko mmoja. Hapa ndipo wengi hupotea.

Mfuko wa kwanza ni nguvu ya kadi ya kuchakata pikseli, na mlaji wake mkuu ni ENB, kazi ya mtengenezaji programu Boris Vorontsov. ENB hujipenyeza kati ya gemu na kadi, kisha huongeza mwanga, uakisi, vivuli laini vya kwenye pembe na mikunjo, na ukungu wa kamera unaofifisha vitu vilivyo mbali na kilicholengwa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika pikseli kwa pikseli, kwa hiyo gharama hupanda na ukubwa wa picha. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli kama milioni 2.07, ya 3840 kwa 2160 ina milioni 8.29, mara nne kamili. ENB inayotembea vizuri kwenye skrini ya jirani yako inaweza kulala chali kwenye yako hata mkiwa na kadi zinazofanana. Uzuri wake ni kwamba ina menyu inayofunguka ndani ya gemu, unazima athari moja moja huku ukitazama mstari wa muda. Mimi ningeanza kuuzima ukungu wa kamera. Ni mzito, na unafifisha mandhari ambayo umehangaika kuipamba. Vivuli vya kwenye pembe ningevibakiza kwa ubora wa kati, maana ndivyo vinavyofanya meza ionekane imesimama sakafuni badala ya kuelea.

Mfuko wa pili ni kumbukumbu ya kadi, na huo huliwa na tekscha: picha bapa zinazobandikwa juu ya maumbo, kama magome kwenye mti au kutu kwenye upanga. Tekscha inayoitwa ya 4K ina pikseli 4096 kwa 4096, karibu milioni 16.8. Ikibanwa kwa mtindo wa BC7, unaotumia baiti moja kwa pikseli, inachukua megabaiti 16. Ukijumlisha nakala zake ndogo za kutumika kwa mbali, unafika 21 hivi. Nayo haiji peke yake. Kwa kawaida huandamana na ya pili inayoeleza mabonde na matuta ya uso wa kitu, mara nyingi ya ukubwa uleule. Tekscha 24 za namna hiyo zingejaza kumbukumbu yote ya Xbox 360.

Halafu kuna watu wanaobandika 4K kwenye kijiko. Skrini yenye pikseli milioni 2 haiwezi kuonyesha milioni 16.8 hata kijiko kikiijaza yote. Tekscha ya pikseli 1024 inakitosha kijiko na kinabaki kijiko kizuri. Ukubwa uweke kwenye ardhi, miamba, kuta na milima, vitu vinavyoenea machoni muda wote wa mchezo. Na hata hapo 2048 inatosha kwa skrini nyingi, kwa robo ya gharama.

Dalili ya mfuko huu kukauka ni ya pekee: ukisimama, gemu iko shwari, ukigeuka haraka au ukiingia eneo jipya, inaganda. Kadi imejaa, inaanza kuazima RAM ya kompyuta, na njia ya kati yao ni nyembamba. Kupunguza mwanga wa ENB hakutasaidia kitu hapo. Kwenye laptopu isiyo na kadi yake, michoro hutumia RAM ya kompyuta tangu mwanzo, kwa hiyo msongamano huo unakuja mapema sana. Toleo la kwanza la Skyrim lilikuwa na mkosi wa ziada: lilikuwa la biti 32, halikuweza kushika zaidi ya gigabaiti 4, na modi zikizidi lilianguka tu. Special Edition ya Oktoba 2016 ni ya biti 64 na inatumia Direct3D 11. Anayeanza leo aanzie hapo.

Mfuko wa tatu ni prosesa, na ndio usiotazamwa. Kabla kadi haijachora mti, prosesa lazima itoe amri ya kuuchora, kisha amri nyingine kwa ajili ya kivuli chake. Skyrim hutoa sehemu kubwa ya amri hizo kupitia kora moja, kwa hiyo prosesa yenye kora 16 haikuokoi. Modi inayojaza mji vibanda, taa na watu inaongeza amri. Msitu mnene vilevile. Baya kuliko yote ni kile kipengele cha faili la mipangilio kiitwacho uGridsToLoad. Thamani yake ya kawaida ni 5, yaani viwanja 5 kwa 5, jumla 25, vinaendeshwa kikamilifu kukuzunguka. Ukiandika 7 unapata 49, karibu maradufu, pamoja na majitu na majoka yanayoamka kabla hujayafikia. Kuirudisha 5 baada ya kuhifadhi mchezo nako kuna hatari ya kuuharibu mchezo uliohifadhiwa. Kama unachotaka ni milima na miti inayoonekana kwa mbali, DynDOLOD hutengeneza nakala nyepesi za vitu vya mbali na kuiacha 5 ilivyo.

Kujua ni mfuko upi umekauka hakuhitaji utaalamu. Simama sehemu moja nzito, tuseme msituni nje ya mji wa Riften, kisha punguza pikseli za skrini hadi 1280 kwa 720. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa inalemewa, na dawa ni kupunguza ENB. Zisipopanda, prosesa ndiyo inayosubiriwa. ENB unaweza kuiacha na hata kuiongeza kidogo, kwa kuwa kadi imekaa bure. Punguza miti, watu na umbali wa vivuli. Na kama tatizo ni kule kuganda unapogeuka, angalia kumbukumbu ya kadi kwanza.

Kipimo hicho, kwa mwenye laptopu, kisichukuliwe dakika tano za mwanzo. Chipu ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe, na chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari hakiipi nafasi ya kupoa. Cheza nusu saa kwanza, feni zikiwa zimeshaanza kupiga kelele, ndipo uangalie mstari wa muda.