Mwanafunzi ugenini Kampala: Mtoto asiwe dhamana ya deni la mchele

MABASI yanayovuka mpaka wa Mutukula kutoka Bukoba kwenda Kampala hayabebi wafanyabiashara peke yao. Shule za Uganda zinapofungua, katikati ya magunia na mabegi ya vitenge huonekana pia matranka, ndoo mpya na vijana waliovaa sweta za shule. Miongoni mwao wamo watoto wa wafanyabiashara wa Kagera. Wengine wanakwenda bweni. Wengine wanakwenda kuishi katika nyumba ya mtu ambaye baba au mama yao alimfahamu kwanza kama mteja, kisha kama rafiki, na sasa anampa mtoto wake amlee.

Utaratibu huu hauna ofisi wala fomu. Umejengwa juu ya uaminifu ule ule unaoendesha biashara ya mpakani: mtu anapokea mzigo leo, analipa akishauza. Ndiyo maana unapovunjika, huvunjika viwili kwa mpigo, biashara ya wazazi na masomo ya mtoto. Na anayelipa gharama kubwa zaidi ni yule ambaye hakuwepo makubaliano yalipofanyika.

Njia ya zamani

Safari ya kufuata elimu Kampala haikuanza jana. Makerere ilianzishwa mwaka 1922 na kwa miongo mingi ilipokea vijana kutoka Tanganyika, Kenya na Zanzibar. Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia 1943 hadi 1945. Benjamin Mkapa na Mwai Kibaki nao walipita katika madarasa yake. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera kupitia upande huo huo wa Mutukula. Leo familia za pande mbili za mpaka zinapelekeana watoto.

Kwa mzazi wa Kagera, zipo sababu za hesabu za kawaida. Kwanza, umbali. Kutoka Mutukula hadi Kampala kupitia Masaka ni zaidi ya kilomita 200 tu, wakati Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Pili, mfumo. Uganda na Tanzania zote zina miaka minne ya sekondari ya kawaida na miwili ya sekondari ya juu, kwa hiyo kijana aliyemaliza kidato cha nne anajua anaingia darasa gani. Tatu, muda. Matokeo ya kidato cha nne Tanzania hutoka Januari, lakini kidato cha tano huanza Julai. Uganda darasa hilo kwa kawaida huanza karibu na Machi. Mzazi asiyetaka kijana akae nyumbani nusu mwaka huangalia upande wa pili wa mpaka.

Siku inavyokwenda

Kwa mwanafunzi wa kutwa, Kampala humwamsha kabla ya jua. Saa kumi na moja alfajiri taa ya jikoni inawaka, maji yanachemka, na foleni ya bafuni imeshapangwa kwa umri. Akichelewa dakika kumi kutoka nyumbani, anaweza kuchelewa saa nzima kufika shuleni kwa sababu ya msongamano wa magari.

Barabarani ndipo maneno yanapoanza kumchezea. Bukoba, teksi ni gari dogo la kukodi. Kampala, "taksi" ni basi dogo la abiria kumi na wanne, lile ambalo Mtanzania angeliita daladala na Mkenya matatu. Gari la kukodi huko ni "spesho". Mwanafunzi mgeni anayeambiwa apande taksi anaweza kuduwaa akifikiri familia inamtaka atumie fedha nyingi, kumbe ndiyo nauli ya bei nafuu. Saa, hata hivyo, hazimsumbui: Waganda nao husema saa mbili asubuhi kama Waswahili wanavyosema.

Mezani kuna somo jingine. Ugali wa mahindi unaitwa "posho", neno ambalo Mtanzania analijua kama fedha za kujikimu. Ndizi zipo kila siku, na mtoto wa Kihaya anaweza kujiona yuko nyumbani, hadi aone zinavyopikwa. Kwao ndizi huchemshwa nzima pamoja na maharage katika sufuria moja. Kwa Waganda hufungwa katika majani ya mgomba, hupikwa kwa mvuke, husagwa ndani ya majani hayo hayo, na mboga huwekwa pembeni, mara nyingi mchuzi wa karanga. Wiki ya kwanza mgeni hula kwa adabu. Mwezi wa pili huomba kuongezewa.

Lugha ya nyumbani ni Kiganda. Kwa anayejua Kihaya, lugha hizo zina udugu wa karibu, na baada ya wiki chache anaanza kufuata mazungumzo. Kwa mtoto wa Kisukuma au Kichaga aliyezaliwa Bukoba na kulelewa kwa Kiswahili, ukuta ni mrefu zaidi. Shuleni Kiingereza kinatawala. Kijana aliyesoma msingi kwa Kiswahili anaweza kuwa hodari wa hisabati na bado akapata alama mbovu muhula wa kwanza kwa kutoelewa swali. Mzazi anayepokea ripoti hiyo asikimbilie kumgombeza mtoto, wala kumlaumu mwenyeji.

Salamu nazo zina uzito. Mtu anayefanya kazi husalimiwa kwa kushukuriwa kazi yake: "Gyebale ko." Mwanaume mkubwa ni "ssebo", mwanamke ni "nnyabo", na mwenye nyumba ataitwa "Taata", mke wake "Maama". Msichana anatarajiwa kupiga magoti anapowasalimu wakubwa. Wahaya wanaijua desturi hiyo. Kwa binti aliyekulia mjini inaweza kuwa ngeni, na akisalimia akiwa amesimama, mwenyeji anaweza kudhani ni kiburi. Ni jambo dogo ambalo mzazi anaweza kumweleza mtoto kabla hajapanda basi.

Kiswahili chake kwa upande mwingine ni mali. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Watoto wa mwenyeji wanahitaji mtu wa kuzungumza naye, na mgeni anayewasaidia kwa saa moja jioni anaacha kuwa mtu wa kupokea tu.

Kazi za nyumbani: mpaka uko wapi?

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hakuna familia ya Kiafrika itakayomlea kijana kwa miaka miwili bila kumpa ndoo, ufagio au kisu cha kumenyea ndizi. Mtoto anayeosha vyombo anaonekana mtoto wa nyumba, na yeye mwenyewe hujisikia hivyo.

Shida huanza pale kazi zinapopita zile za watoto wa nyumba. Kipimo ni rahisi: je, mtoto wa mwenyeji wa umri huo naye anafanya? Je, mgeni anapata saa mbili za kusoma usiku? Je, siku ya mtihani anaachiwa? Kama mwanafunzi anafungua duka la familia saa moja jioni na kulifunga saa nne usiku, huyo amekuwa mfanyakazi asiye na mshahara, hata kama wote wanamwita mwanangu.

Kuna maswali ambayo wazazi huona haya kuuliza. Mtoto atalala chumba gani, na nani? Mlango una komeo? Nani mwingine anaishi hapo: mjomba, mpangaji, dereva? Atasali wapi, ikiwa dini za familia mbili si moja? Mfanyabiashara asiyeweza kupokea magunia hamsini bila kuyahesabu asione aibu kuingia ndani na kuona kitanda cha mwanawe.

Pesa zinapochanganyika

Hapa ndipo penye mwiba. Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Bukoba anayepeleka mchele Kisenyi, Kampala. Mshirika wake huko hupokea mzigo kwa mkopo na kulipa akishauza. Mtoto wa Bukoba anapohamia kwa mshirika huyo, wazazi wawili huona njia nyepesi: gharama za mtoto zikatwe kwenye deni la mchele. Hakuna kutuma fedha, hakuna makato ya simu, hakuna kubadilisha sarafu.

Muhula wa kwanza mambo huenda vizuri. Kisha bei ya mchele inashuka, au mzigo unakwama mpakani, au wateja wa Kisenyi hawalipi. Deni linachelewa. Wa Bukoba anasema umekata mno. Wa Kampala anajibu kwamba mtoto anakula kila siku, bei ishuke isishuke. Ubishi huo hufanyika kwa simu sebuleni, na mtoto yupo chumba cha pili akifanya hesabu za shule.

Kuanzia hapo mtoto huanza kujilipia kwa namna anazozijua. Anapunguza chakula kwenye sahani. Anaamka mapema zaidi kufagia uwanja. Binti anaacha kuomba fedha za taulo za kike. Barua ya shule ya michango inakaa kwenye daftari wiki tatu. Akipigiwa simu anasema "sijambo, mama, niko salama", kwa kuwa simu ni ya mwenyeji na mwenyeji amekaa pembeni. Alama zinashuka, na kila mzazi anamlaumu mwenzake.

Mara nyingine ugomvi huzaliwa na neno moja tu: laki. Shilingi ya Tanzania kwa miaka mingi imekuwa na thamani kubwa kuliko ya Uganda. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, mmekubaliana laki tatu kwa mwezi, yaani laki tisa kwa muhula wa miezi mitatu, na siku hiyo shilingi moja ya Tanzania inabadilishwa kwa shilingi 1.4 za Uganda. Laki tisa za Uganda ni kama Sh643,000 za Tanzania. Aliyeandika "laki tisa" bila kutaja ni za nchi gani ameacha pengo la Sh257,000 kwa muhula mmoja, na zaidi ya Sh770,000 kwa mwaka wa mihula mitatu. Hakuna aliyeiba, lakini kila upande utaamini umeibiwa.

Dawa yake wafanyabiashara wanaijua, maana ndiyo wanayotumia dukani: daftari mbili. Deni la mchele liwe na daftari lake. Fedha za mtoto ziwe na daftari lake, zitumwe kwa tarehe iliyokubaliwa, zitajwe kwa sarafu moja, na ada ilipwe moja kwa moja shuleni. Biashara ikiyumba, daftari la mtoto lisiguswe. Na mtoto awe na akiba ndogo mkononi ambayo haombi kwa mtu.

Karatasi zinazosahaulika

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inawatambua wanafunzi miongoni mwa raia wanaoruhusiwa kuvuka na kukaa. Ruhusa hiyo haimaanishi kukaa bila hati. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanaweza kuvuka baina ya nchi zao kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Mtanzania bado anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Muhuri wa mgeni si kibali cha kusoma, hivyo ombi la hati ya mwanafunzi lipelekwe Uhamiaji mapema, likiwa na barua ya shule. Mtoto aliye chini ya miaka 18 asafiri na barua ya idhini ya mzazi na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano isiachwe nyumbani.

Vyeti navyo vina njia yake. Anayeingia kidato cha tano Uganda na cheti cha Tanzania hutakiwa kukilinganisha kwa baraza la mitihani la huko, UNEB. Akirudi na cheti cha Uganda, NECTA ndiyo inayolinganisha cha sekondari, na TCU inatambua shahada. Mwenye kuacha kazi hiyo hadi wiki ya mwisho ya maombi ya chuo anaweza kupoteza mwaka.

Afya pia ipangwe. Kadi ya bima ya nyumbani isitegemewe hospitali za Kampala. Mwenyeji aambiwe tangu mwanzo mtoto ana pumu au mzio gani, na iwepo fedha ya dharura ambayo anaweza kuitoa usiku wa manane bila kusubiri simu kutoka Bukoba.

Kikao kabla ya muhula

Yote haya yanahitaji kikao kimoja cha saa mbili, wazazi wa pande zote wakiwepo, akina mama wakiwemo, kwa kuwa mara nyingi baba ndiye anayeahidi na mama wa nyumba ndiye anayepika. Mtoto akae hapo, asikie atalipiwa nini, atafanya kazi zipi, atapiga simu nyumbani siku gani akiwa peke yake, na nani mwingine mjini Kampala anaweza kumkimbilia mambo yakienda kombo. Makubaliano yaandikwe ukurasa mmoja, nakala mbili. Yapitiwe upya kila shule inapofunga.

Mwenyeji naye asikilizwe. Amefungua mlango wake, amepunguza kitanda cha wanawe, na shule itampigia yeye kwanza mtoto akiugua. Mfuko wa maharage au debe la senene kutoka Bukoba msimu wake ukifika haupunguzi deni lolote, lakini humwambia kwamba kazi yake inaonekana.

Shule zikifungwa, basi la kurudi Mutukula hujaa tena matranka. Mzazi anayempokea mwanawe stendi atataka kwanza kuona ripoti. Ni vizuri aanze kwa kumuuliza analala saa ngapi, anakula na nani, na kama amewahi kusikia mchele ukitajwa pamoja na jina lake.