Unywele Mmoja Ulivyosimamisha Mashine ya Kusaga

Katika kijiji kimoja upande wa Kalenga, si mbali na mji wa Iringa, palikuwa na mashine ya kusaga mahindi iliyowatumikia watu miaka mingi bila matata. Hata mwaka mmoja, wakati wa mavuno, beringi zake zikachakaa, na mahali zinapokaa kwenye shafti pakalika. Mwenye mashine hakukawia. Akaifungua shafti, akaipakia katika basi, akaipeleka mjini kwa fundi wa kukereza vyuma. Fundi akapajaza chuma kwa kulehemu, kisha akakereza mpaka kalipa yake ikamwonyesha milimita 40 kamili, maana hicho ndicho kipimo cha tundu la beringi namba 6308.

Beringi mpya ikagoma kuingia. Fundi akatwaa kipande cha bomba na nyundo, akaigonga mpaka ikakaa mahali pake.

“Ikiwa ngumu ndiyo nzuri, mzee,” alimwambia mwenye mashine. “Haitatoka tena.”

Kweli haikutoka. Lakini mashine ilipowashwa, haikupita saa moja nyumba ya beringi ikawa ya moto hata mkono hauwezi kukaa juu yake. Siku ya tatu beringi ikakwama kabisa, mkanda ukatoa moshi, mashine ikasimama. Akina mama waliokuwa wamejipanga na madebe yao wakajitwisha tena, wakaenda kutafuta mashine nyingine mwendo wa saa mbili kwa miguu. Mwenye mashine akamlaumu mwenye duka kuwa amemwuzia beringi bandia. Akanunua nyingine, tena duka jingine na kwa bei ya juu. Hiyo nayo ilidumu siku nne.

Ndipo akamwendea mzee mmoja wa karakana ndogo pale mjini, ambaye mimi nilikuwa nimempelekea pampu yangu ya maji siku ileile. Baada ya “kamwene” na habari za nyumbani, mzee aliifuta shafti kwa kitambaa, akaipima kwa maikromita, akatikisa kichwa. Ilikuwa milimita 40.06. Akaomba aletewe kalipa iliyotumika. Fundi wa kwanza akaja nayo mwenyewe, na kwa hilo namsifu, kwani wengi wangejificha.

Mzee akazifunga taya za kalipa, akaziinua mbele ya dirisha.

“Tazama, mwanangu. Unaona nini?”

“Naona mwanga, baba.”

Naam, katikati ya taya palipita mwanga mwembamba kama uzi. Ncha ziligusana barabara, mshale ukasimama juu ya sifuri, lakini katikati palikuwa pamelika na kufanya bonde. Shafti iliyopimwa ndani ya bonde hilo ilionekana nyembamba kuliko ilivyo. Fundi alisoma 40.00, kumbe chuma kilikuwa 40.06. Tofauti hiyo ni kama unene wa unywele mmoja wa kichwa, ambao aghalabu huwa kati ya milimita 0.05 na 0.1. Msomaji atasema, unywele ni kitu gani? Basi ajue kwamba katika beringi ya kawaida ya ukubwa huo, nafasi iliyoachwa baina ya gololi na njia zake ni milimita 0.006 mpaka 0.02 tu. Ukiilazimisha juu ya shafti nene, pete ya ndani hutanuka, nafasi ile hutoweka, na gololi hubanwa kama mtu aliyevaa kiatu cha mtoto. Wenye maduka wawili walilaumiwa bure.

Taya hizo zililikaje? Fundi alikiri bila kuficha: alikuwa na desturi ya kupima kazi ingali inazunguka katika mashine ya kukereza. Kila alipofanya hivyo, chuma kilichozunguka kilizisaga taya kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza vilevile. Sisemi habari ya vidole.

“Sasa ninunue ipi, baba?” akauliza. Swali hili huulizwa na mafundi wengi wa kwetu, toka Ipogolo mpaka Mafinga na Mbeya, na majibu ya wenye maduka si ya kuyategemea siku zote.

Wazee wetu walipima nguo kwa shibiri na dhiraa, na nafaka kwa kibaba na pishi, wakaridhika. Chuma hakiridhiki hivyo. Kalipa ni rula ya chuma yenye taya mbili, moja imetulia na ya pili huteleza. Hupima nje ya kitu, ndani ya tundu, na kwa ulimi wake mwembamba hupima kina. Siku hizi ziko za namna tatu madukani.

Ya kwanza ni ya venia, ambayo jina lake limetokana na Mfaransa Pierre Vernier aliyeieleza njia hii ya kusoma vipimo katika mwaka wa 1631. Haina mshale wala betri, ni mistari juu ya mistari tu, na msomaji hutafuta mistari miwili iliyolingana. Haina cha kuharibika upesi, lakini yataka mwanga mzuri na macho ya kijana. Ya pili ni ya betri, yenye tarakimu kubwa. Ni nyepesi kusoma, na kwa kubonyeza kitufe hugeuka kutoka milimita kuwa inchi. Lakini zile za bei rahisi hunywa betri hata zikiwa zimezimwa, na maji ya kupozea chuma yakiziingia hutoa tarakimu za ajabu.

Ya tatu ndiyo aliyoitaka fundi wetu: kalipa ya saa. Juu ya rula yake kuna utepe wa meno madogo sana, na ndani ya saa mna gurudumu la meno linalotembea juu ya utepe huo. Taya ikisogea, magurudumu huukuza mwendo na mshale huzunguka. Katika nyingine mzunguko mmoja ni milimita 1, katika nyingine milimita 2, na kila alama ni milimita 0.01 au 0.02. Jicho husoma mara moja kama mtu aangaliavyo saa ya ukutani. Kwa mtu apimaye mara mia kwa siku, hiyo ni neema kubwa.

Lakini meno yale ndiyo udhaifu wake. Chenga moja ya chuma ikiingia katikati, gurudumu huruka jino, na toka hapo mshale hurudi mahali pasipo sifuri. Kwa hiyo mwenye kiwanda cha mbao pale Mafinga, ambako vumbi la misonobari hukaa juu ya kila kitu, au fundi anayesaga vyuma kwa jiwe nje kando ya barabara ya vumbi jekundu, namshauri anunue ya venia na kuwaachia wengine ya saa. Najua ushauri huu hauwapendezi vijana, kwani ile ya saa inapendeza kuitazama.

Aliyekwisha kuamua kununua ya saa asiende dukani mikono mitupu. Achukue beringi mpya ya kampuni ya kuaminika, kwa mfano namba 6205. Tundu lake ni milimita 25 na nje yake milimita 52, na beringi halisi haipungui kipimo hicho cha nje kwa zaidi ya 0.013. Chombo cha kukagulia kalipa kwa bei ndogo kama hiyo sijui kingine. (Unene wake ni milimita 15, lakini usiutumie, kwani haukutengenezwa kwa ukali uleule.) Pima nje ya beringi kwa ncha za taya, kisha kwa katikati, kisha karibu na rula. Mshale usimame mahali pamoja mara zote tatu. Ukicheza huku na huku, ama taya zimelika ama kipande kinachoteleza kimelegea, na usikubali kuambiwa kwamba ni mpya itazoea.

Kabla ya hayo, zifunge taya uzitazame mbele ya mwanga wa mchana, kama mzee alivyofanya. Jicho la kawaida huona hata upenyo wa mia moja ya milimita. Fungua na kufunga mara kumi. Kila mara mshale urudi juu ya alama ileile. Hapa pana mtego. Ukingo wa saa hugeuzwa kwa kidole ili sifuri ije chini ya mshale, na wengi hufanya hivyo kila asubuhi bila kujiuliza. Kalipa inayotaka kurekebishwa kila siku ina uchafu au ina ugonjwa, na kuigeuza saa ni kama kumpaka mgonjwa poda.

Tazama pia kama ni ya milimita au ya inchi, maana kalipa nyingi za saa husoma kimoja tu. Ile ya inchi, kila alama ni sehemu ya elfu ya inchi, yaani milimita 0.0254. Yule ambaye hutengeneza Land Rover za zamani na matrekta ya Massey Ferguson ya zamani, yaliyoundwa kwa inchi, aweza kuihitaji. Kwetu inchi hazijafa zote. Hata reli ya TAZARA, iliyojengwa pamoja na Wachina kati ya 1970 na 1975 na kupita Makambako na Mbeya, ina upana wa milimita 1067, na hizo si kitu kingine ila futi 3 na inchi 6 za Mwingereza. Shafti ya inchi moja ni milimita 25.4, fundi akidhani ni 25 atapoteza siku nzima.

Urefu wa milimita 150 watosha kazi nyingi. Ile ya 300 ni nzito mkononi, na mkono mzito huipinda taya. Kuhusu jina la kampuni, Mitutoyo ya Japani na Starrett ya Marekani zina sifa njema, lakini majina makubwa huigizwa, basi beringi yako iamue kuliko maandishi ya sandukuni.

Nyumbani, ifute kila jioni, meno yasafishwe kwa brashi laini. Usipulize kwa hewa ya kompresa, kwani hewa huzisukuma chenga mpaka ndani ya saa, wala usiyapake meno mafuta mazito yakashika vumbi. Karakana zenye kazi kubwa zaweza kupeleka vyombo vyao kukaguliwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lililoanzishwa mwaka 1975 na lenye maabara ya ugezi Dar es Salaam.

Tena kalipa, hata ikiwa nzuri, husamehewa kosa la milimita 0.02 au 0.03. Kwa mahali pa kukaa beringi haitoshi. Hapo tumia kalipa mpaka ukaribie, kisha malizia kwa maikromita. Subiri pia chuma kipoe. Vipimo vya dunia huhesabiwa kwa joto la nyuzi 20, na shafti ya milimita 40 iliyotoka kukerezwa ikiwa na nyuzi 60 huwa imetanuka karibu milimita 0.02. Baridi yetu ya Iringa hutusaidia, ila asubuhi za Julai kule Mufindi hupita kiasi upande wa pili.

Shafti ile ilikerezwa tena kwa mzee, ikapoa usiku kucha, ikapimwa asubuhi. Beringi ya tatu iliingia kwa kugongwa kidogo tu, na mama wa kwanza aliyefika na debe lake aliigusa nyumba ya beringi kwa kiganja, akacheka. Mwezi uliofuata nilipita kwa fundi wa kwanza. Kalipa mpya ya saa ilikuwa imelala katika sanduku lake, imefunikwa kitambaa, na kando yake beringi 6205 inayong’aa isiyopata kufungwa katika mashine yo yote. Ile ya zamani ameipa kazi ya kuchorea mistari.