Harusi Durban: Ada ya huduma si bakshishi

Wenye harusi mjini Durban, Afrika Kusini, hukutana na mambo mawili yanayofanana katika hesabu ya ukumbi: ada ya huduma na bakshishi. Tofauti yake ndiyo huamua iwapo mhudumu aliyesimama hadi usiku wa manane atarejea nyumbani na chochote zaidi ya ujira wake.

Nchini humo ni desturi mteja kumwachia mhudumu wa mkahawa asilimia 10 hadi 15 ya bili. Katika karamu kubwa, hata hivyo, kumbi na hoteli nyingi huiandika kabisa ada ya huduma katika mkataba.

Kodi juu ya ada

Ada ya lazima ni sehemu ya bei, hivyo hutozwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 15 tangu Aprili 2018. Bakshishi ya hiari haitozwi kodi hiyo.

Chukua mfano wa karamu ya randi 60,000 kabla ya kodi. Ada ya asilimia 10 huongeza randi 6,000, na kodi ikijumlishwa, jumla ni randi 75,900. Mwenye harusi akitoa randi hizo 6,000 kwa hiari yake, atalipa 75,000 tu.

Nani hupokea?

Uingereza ilianza kutumia sheria mwezi Oktoba 2024 inayowataka waajiri wawagawie wafanyakazi bakshishi zote pamoja na ada ya huduma. Afrika Kusini haina sheria maalum ya namna hiyo. Ada iliyomo katika mkataba huingia kwanza katika mapato ya ukumbi.

Kinga ya mhudumu ni kima cha chini cha mshahara, kilichoanza Januari 2019 kwa randi 20 kwa saa na kufikia randi 28.79 Machi 2025. Sheria hairuhusu bakshishi kuhesabiwa ndani ya kima hicho. Mwajiri hawezi kudai kuwa wageni wamekwisha kumlipia.

Wapo pia wasiomo katika mkataba wowote. Walinzi wa magari nje ya kumbi za Durban, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, aghalabu hawana mshahara. Hutegemea sarafu za wenye magari. Baadhi yao huzungumza Kiswahili.

Kabla ya kutia saini

Sheria ya kumlinda mlaji, iliyoanza kutumika kikamilifu mwaka 2011, inampa mteja haki ya kupata mkataba ulioandikwa kwa lugha inayoeleweka. Kwa hiyo kamati ya harusi inaweza kuuliza waziwazi: ada hii ni ya lazima? Kodi imo? Wahudumu watapata kiasi gani? Je, kuna malipo ya kuleta vinywaji kutoka nje, au ya kupitisha saa? Majibu yaandikwe.

Jamaa za Afrika Mashariki zimezoea kumtunza mwimbaji wa taarab hadharani, mbele ya macho ya wote. Mwosha vyombo haonekani na mtu. Ni busara kamati itenge bahasha mapema, imteue mtu mmoja, naye awakabidhi wahusika mkononi: wahudumu, wa jikoni na walinzi wa nje.