Udi wa Mji wa Kale na dumbaki ya Maskati

Arusi ya juzi hapa Mji wa Kale, jamaa walioko Maskati waliitazama moja kwa moja kwa simu. Picha iliwafikia imechelewa sekunde kadhaa, lakini mtazamaji hapotezi kitu. Kesho yake nikapiga udi, ami yangu akijibu kwa dumbaki kutoka huko huko. Hatukufika mbali, tulipotezana mapigo.

Si ubovu wa mpigaji. Mkongo wa baharini wa TEAMS, uliofika Mombasa 2009, unatuunganisha na Fujairah, karibu kilomita 5,000. Mwanga ndani yake hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kwenda tu ni milisekunde 25, yaani sehemu 25 za sekunde iliyogawanywa elfu. Nikisikia jibu ni 50. Ongeza simu, waifai na programu. Wapiga ala huanza kuachana sauti ikichelewa milisekunde 30 hivi.

Baina yetu hapa kisiwani yawezekana. Hata sauti ikizungukia Nairobi, kilomita elfu hivi kwenda na kurudi, ni milisekunde 5. Zipo programu za bure, Jamulus na SonoBus. Tumia kompyuta, waya badala ya waifai, na hedifoni za waya, si za Bluetooth.

Tunao wapigaji wazee wasioweza tena kupanda ngazi wala kuvuka feri. Vijana, wafungieni mitambo hiyo majumbani wafundishe wangali hai. Mimi na ami sasa twarekodi kwa zamu: yeye hutuma dumbaki, nami naitilia udi.